Antoine Béclère: Daktari Aliyechagua Chumba cha Giza

Huenda umewahi kupelekwa hospitali kupigwa picha ya eksirei. Uliambiwa uvue shati, ukaegemeza kifua kwenye ubao, ukaambiwa uvute pumzi na uizuie. Baada ya muda mfupi ukaambiwa uvae na kwenda zako. Mtu aliyeisoma picha yako pengine hukumwona kabisa. Hukujua jina lake, wala yeye hakukushika mkono.

Je, huyo naye ni daktari wa kweli? Je, kazi ya kutazama picha inaweza kumridhisha mtu aliyesomea udaktari kwa miaka mingi? Swali hili liliulizwa zaidi ya miaka 100 iliyopita katika mji wa Paris, nchini Ufaransa. Aliyelazimika kulijibu ni Antoine Béclère. Leo anajulikana kama baba wa udaktari wa eksirei katika Ufaransa. Tusome habari za maisha yake.

1. Mtoto wa daktari

Antoine Béclère alizaliwa Paris tarehe 17 Machi 1856. Baba yake alikuwa daktari. Kijana naye akafuata njia ya baba yake.

Katika Paris ya wakati ule, njia ya udaktari ilikuwa ndefu. Kulikuwa na mtihani baada ya mtihani. Wengi walianza, wachache walifika mwisho. Antoine alifaulu. Mwaka 1882 alipata shahada ya udaktari. Aliendelea kusoma na kutibu, mpaka akahesabiwa miongoni mwa madaktari wa hospitali za mji. Hiyo ilikuwa heshima kubwa. Daktari wa hospitali aliongoza wodi, alifundisha vijana, na maneno yake yalisikilizwa.

Alifanya pia utafiti juu ya ugonjwa wa ndui. Pamoja na wenzake alichunguza damu ya ndama waliochanjwa. Walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyechanjwa yana nguvu ya kuzuia ugonjwa huo. Kazi hiyo ilisifiwa. Kwa hiyo alipofika umri wa miaka 40, Béclère hakuwa mtu wa kutafuta jina. Jina alikuwa nalo. Njia ilikuwa wazi mbele yake.

2. Masikio na vidole

Ili tuelewe jambo lililotokea baadaye, lazima tujue jinsi madaktari walivyofanya kazi zamani.

Daktari hakuweza kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Alitumia vidole vyake kugonga kifua cha mgonjwa, kama mtu anayegonga mtungi kujua kama una maji. Kisha alitumia chombo cha kusikiliza pumzi na moyo. Chombo hicho kilibuniwa Paris mwaka 1816 na daktari Mfaransa aliyeitwa Laennec. Madaktari wa Ufaransa walijivunia sana ufundi huo.

Lakini ufundi huo ulikuwa na kikomo. Kifua kikuu kinaweza kuanza kama kidonda kidogo ndani ya pafu. Kidonda kidogo hakitoi sauti. Mara nyingi daktari alipokisikia, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Siku zile dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwepo bado. Watu wengi walikufa, hasa vijana. Laennec mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826.

3. Habari kutoka Ujerumani

Tarehe 8 Novemba 1895, mtaalamu Mjerumani aliyeitwa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi mipya katika mji wa Würzburg. Mionzi hiyo haionekani kwa macho, lakini inapenya mbao, karatasi na nyama ya mwili. Inazuiwa zaidi na mfupa na chuma. Mwezi Desemba alipiga picha ya mkono wa mke wake. Mifupa ilionekana, na pete kidoleni. Röntgen hakutaka ugunduzi huo uwe mali yake peke yake. Aliwaachia watu wote wautumie.

Habari zilienea upesi. Mwezi Januari 1896, madaktari wawili wa Paris, Paul Oudin na Toussaint Barthélemy, walikwisha kupiga picha ya mkono kwa njia hiyo.

Watu wengi waliona eksirei kuwa ni ajabu ya kutazama, kama mazingaombwe. Wengine walisema itafaa kutafuta risasi na mifupa iliyovunjika, basi. Oudin alimwalika Béclère aje kutazama. Béclère akaingia katika chumba cha giza. Mbele yake palikuwa na kiwambo kilichopakwa dawa inayong'aa. Nyuma ya kiwambo alisimama mtu. Mtambo ulipowashwa, kifua cha mtu yule kilionekana. Mbavu zilikuwa nyeusi. Mapafu yalikuwa meupe. Moyo ulikuwa ukipiga, na kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo kilipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Béclère alikuwa amesikiliza vifua vya watu kwa karibu miaka 20. Siku ile aliona kwa macho kile ambacho maisha yake yote alikuwa akikibahatisha kwa masikio. Alitoka akijua kwamba amepata njia yake.

4. Uamuzi

Mwaka 1897 Béclère alikuwa na wodi ya kuongoza katika hospitali ya Tenon, mjini Paris. Hospitali haikuwa na mtambo wa eksirei. Béclère akaununua kwa fedha zake mwenyewe, akauweka hospitalini, akaanza kuwachunguza wagonjwa wa kifua mmoja mmoja.

Wenzake hawakufurahi. Walimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Daktari wa hospitali anawezaje kufanya kazi ya mpiga picha? Kwa maoni yao, aliwaaibisha madaktari wote wa hospitali. Mpiga picha ni fundi tu, na daktari ni daktari.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Bila shaka wenzake waliona kwamba ndivyo anavyofanya Béclère. Mbacha wake ulikuwa heshima ya daktari mkubwa. Msala upitao ulikuwa mtambo mpya uliotoa cheche na kuharibika mara kwa mara, ambao hakuna aliyejua kama utadumu.

Tufikiri kidogo, ndugu msomaji. Hasara aliyoikabili Béclère haikuwa ndogo. Daktari wa wodi humkalia mgonjwa kitandani. Humjua kwa jina, huijua jamaa yake. Mgonjwa akipona, shukrani humwendea daktari huyo. Daktari wa eksirei hukaa gizani. Mgonjwa hupita mbele yake kwa dakika chache, kisha huondoka. Akipona, humshukuru mwingine. Zaidi ya hayo, wakati ule hapakuwa na cheo cha daktari wa eksirei, wala masomo yake, wala chama chake.

Lakini Béclère aliitazama kazi kwa upande mwingine. Hakujiuliza watu watamwonaje. Alijiuliza kazi hii itamsaidia mgonjwa kiasi gani. Kama mtambo huu unaweza kuonyesha ugonjwa mapema kuliko sikio, basi daktari anayeukataa kwa sababu ya cheo chake anamnyima mgonjwa haki yake.

Mwaka 1898 alihamia hospitali ya Saint-Antoine. Huko akaendelea na eksirei kwa miaka mingi.

5. Kivuli si ugonjwa

Wenzake walikosea wapi? Walidhani kwamba picha ya eksirei inajieleza yenyewe. Walidhani kwamba kazi ni kubonyeza swichi.

Picha ya eksirei ni kivuli. Sote tunajua tabia za kivuli. Jioni kivuli cha mtoto huwa kirefu kuliko baba yake. Ukikunja vidole vyako mbele ya taa, ukutani huonekana kichwa cha sungura. Kivuli ni cha kweli, lakini anayekitazama anaweza kudanganyika.

Ndivyo ilivyo kwa kifua. Doa jeupe au jeusi katika picha ya pafu laweza kuwa kifua kikuu. Laweza kuwa nimonia, au maji, au uvimbe, au kovu la ugonjwa uliopona zamani. Mpiga picha ataona doa. Daktari ataliona doa na kuuliza maswali. Mgonjwa ana homa? Anakohoa tangu lini? Amekonda? Pumzi yake inasikikaje?

Kwa hiyo Béclère alishikilia kwamba eksirei ni kazi ya daktari, wala si kazi ya fundi wa umeme peke yake. Hakutupa ufundi wa zamani. Aligonga kifua kwa vidole, akasikiliza, kisha akatazama. Jicho lilikuja kusaidiana na sikio, wala halikuja kulifukuza.

6. Kuona gizani

Béclère aligundua pia kwamba daktari mwenyewe anaweza kuwa ndiye anayeharibu uchunguzi.

Wewe ukitoka juani saa sita mchana na kuingia ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, huoni kitu. Unapapasa kiti kwa mkono. Ukikaa kidogo, unaanza kuona mtungi, kitanda, na nguo ukutani. Nyumba haikubadilika. Jicho lako ndilo lililobadilika.

Kiwambo cha eksirei cha siku zile kiling'aa kwa mwanga hafifu sana. Madaktari wengi waliingia kutoka nje, wakatazama mara moja, wakasema hakuna kitu, wakaondoka. Mwaka 1899 Béclère aliandika kueleza jambo hili. Jicho lina sehemu zinazofanya kazi mchana na sehemu nyingine zinazofanya kazi gizani. Hizo za gizani huamka polepole. Kwa hiyo daktari akae kwanza gizani kwa muda wa kutosha, ndipo amwite mgonjwa.

Hilo ni jambo dogo, lakini lilitaka unyenyekevu. Daktari mkubwa alipaswa kukaa gizani akingoja, bila kufanya lolote, ili macho yake yawe tayari kwa ajili ya mgonjwa maskini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

7. Mionzi inayotibu

Eksirei haikuishia kwenye kutazama. Ilionekana kwamba mionzi hiyo inaweza kuua sehemu mbaya za mwili, kama vile aina fulani za uvimbe. Béclère akaingia katika kazi hiyo pia.

Mwaka 1909 alieleza habari za msichana wa miaka 16. Msichana huyo alikuwa na uvimbe chini ya ubongo. Uvimbe ulimfanya akue kupita kiasi. Aliumwa kichwa, na macho yake yalikuwa yakififia. Kumpasua katika sehemu ile kulikuwa na hatari kubwa. Béclère alimtibu kwa mionzi, akiielekeza kutoka pande mbalimbali za kichwa. Maumivu yalipungua, na macho yakapata nafuu.

Waliosema kwamba daktari wa eksirei hana mgonjwa wake mwenyewe walipata jibu.

8. Hatari ya kazi

Tusifiche jambo. Kazi hii ilikuwa na hatari kubwa.

Mwanzoni watu hawakujua kwamba mionzi mingi inaunguza na kuleta saratani. Haionekani, hainuki, wala haiumi inapoingia. Madaktari na mafundi waliweka mikono yao mbele ya mtambo kila siku ili kuupima. Baada ya miezi au miaka, ngozi ilipasuka na vidonda vikakataa kupona. Wengine walikatwa vidole, kisha mkono. Nchini Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, alikufa mwaka 1904 kwa sababu ya mionzi hiyo. Mwaka 1936 palijengwa mnara wa kumbukumbu katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Juu yake yaliandikwa majina 169 ya watu wa nchi mbalimbali waliokufa kwa ajili ya kazi ya mionzi.

Polepole watu walijifunza kujikinga. Madini ya risasi huzuia mionzi. Wakatengeneza aproni, glavu na vioo vyenye risasi. Wakajifunza kukaa mbali na mtambo na kutumia mionzi kwa muda mfupi. Siku hizi mtu anayepigwa picha moja ya kifua hupata mionzi kidogo sana. Hata hivyo, mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kwamba ana mimba, amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha.

9. Kufundisha wengine

Kazi ya mtu mmoja hufa pamoja naye. Béclère alijua hivyo, na kwa hiyo alifundisha. Hospitali ya Saint-Antoine ikawa mahali pa masomo ya eksirei. Madaktari walikuja kutoka sehemu mbalimbali za Ufaransa na kutoka nchi za nje.

Mwaka 1908 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Tiba ya Ufaransa. Mwaka uliofuata, 1909, alianzisha na wenzake chama cha udaktari wa eksirei mjini Paris. Kazi iliyodharauliwa mwaka 1897 sasa ilikuwa na chama chake, walimu wake na wanafunzi wake.

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ikaanza. Béclère alikuwa na miaka 58. Askari walijeruhiwa kwa maelfu kwa risasi na vipande vya mabomu. Daktari mpasuaji asiyejua risasi iko wapi alimkata askari bure. Eksirei ilionyesha mahali penyewe. Lakini waliojua kuitumia walikuwa wachache. Béclère akafundisha madaktari wa jeshi katika hospitali ya Val-de-Grâce.

Miongoni mwa waliojifunza kwake ni mwanamke mashuhuri, Marie Curie, mgunduzi wa radi. Huyu hakuwa daktari, lakini alitaka kusaidia majeruhi. Alipanga magari yapatayo 20 yenye mitambo ya eksirei, yaende karibu na mapigano. Alisaidia pia kufungua vyumba 200 vya eksirei hospitalini, na kufundisha wanawake wapatao 150 kuvitumia. Zaidi ya askari milioni 1 walichunguzwa kwa mitambo hiyo.

10. Uzee na kifo

Mwaka 1931 madaktari wa eksirei wa nchi nyingi walifanya mkutano wao mkuu wa tatu mjini Paris. Mwenyekiti wao alikuwa Antoine Béclère, mzee wa miaka 75.

Alifariki Paris tarehe 24 Februari 1939, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka 1971 hospitali mpya ilifunguliwa Clamart, karibu na Paris, ikapewa jina lake. Nishani ya kimataifa ya madaktari wa eksirei nayo ina jina lake.

11. Tunajifunza nini?

Siku hizi mitambo imebadilika. Picha huonekana katika kompyuta. Daktari hakai tena gizani kama Béclère. Lakini swali bado lipo. Kijana aliyesomea udaktari bado hujiuliza kama atosheke na kazi ya kusoma picha, au atafute kazi ya kukaa na wagonjwa. Kila mtu ana moyo wake. Mwingine hawezi kuishi bila kuzungumza na wagonjwa, na huyo afuate wodi. Mwingine hufurahia kutegua kitendawili cha kivuli, akijua kwamba nyuma ya picha kuna mtu anayengoja jibu. Maisha ya Béclère yanatuonyesha kwamba daktari hupimwa kwa faida anayomletea mgonjwa, hata kama mgonjwa hatamjua kamwe.

Nasi vijijini tuna jambo la kukumbuka. Kikohozi kikiendelea wiki mbili au zaidi, twende zahanati. Tupeleke makohozi yapimwe. Tukiambiwa tupigwe picha ya kifua, twende. Siku hizi kifua kikuu kinapona kwa dawa, mgonjwa akizimaliza zote kama alivyoagizwa. Na mtoto wako akisema anataka kazi ambayo jirani wanaidharau, usimkatize upesi. Muulize kwanza kazi hiyo itamfaa nani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Eksirei: mionzi isiyoonekana inayopenya mwili na kutoa picha ya ndani.
Kiwambo: ubao au ngozi iliyotandazwa, hapa ni ubao wenye dawa inayong'aa. Misuli iliyotandaa kati ya kifua na tumbo nayo huitwa kiwambo.
Risasi: madini mazito yanayozuia mionzi, pia kitu kinachotoka katika bunduki.
Mbacha: mkeka mkuukuu.
Msala: mkeka mdogo wa kusalia.

MASWALI

1. Kabla ya eksirei, daktari alichunguzaje kifua cha mgonjwa?
2. Kwa nini wenzake Béclère hawakupenda uamuzi wake wa mwaka 1897?
3. Kwa nini daktari alipaswa kukaa gizani kabla ya kumtazama mgonjwa?
4. Eleza maana ya maneno haya: kivuli si ugonjwa.
5. Mjadala: Katika kijiji chenu, ni kazi gani inayodharauliwa lakini ina faida kubwa? Nani anafaidika nayo?